Je, Wajua? Pafu Moja Lilimbeba Mtu Miaka 30

Hebu vuta pumzi kwanza. Wajua mapafu yako hayafanani? La kulia lina vipande 3, la kushoto 2 tu, maana moyo umejitwalia nafasi upande huo. Uvimbe ukikaa kwenye kipande kimoja, daktari anaweza kukitoa hicho akakuachia vinne, nawe ukapumua!

Wajua nyama ya pafu haisikii maumivu? Ndiyo maana uvimbe hukua humo kimyakimya. Baada ya operesheni kinachouma ni ngozi, mbavu na utando wa kifua.

Wajua ngazi za ghorofa ni kipimo cha hospitali? Kabla ya kisu, mgonjwa anayepanda mita 22 kwenda juu, kama ghorofa 7 hivi, huonekana ana akiba nzuri ya pumzi. Wewe ungefika ya ngapi?

Unavuta sigara? Ukiizima leo, sumu ya kaboni monoksaidi hupungua sana katika damu yako ndani ya siku 1! Ila madaktari watakuomba uache mapema zaidi, wiki 4 au zaidi kabla ya operesheni.

Wajua ukishapigwa nusu kaputi kwa operesheni ya pafu, pafu moja huzimwa? Mtaalamu wa usingizi hukuingiza mrija wenye njia 2, hewa ikaenda upande mmoja tu. Pafu la pili husinyaa kama puto, daktari akafanya kazi kwa nafasi.

Sasa sikia hili! Aprili 1933, mjini St. Louis, Marekani, Dkt. Evarts Graham alimtoa daktari mwenzake, James Gilmore, pafu zima la kushoto lenye saratani. Kabla ya siku hiyo Gilmore alikwenda kuziba meno, na akanunua kiwanja cha kaburi! Kaburi lilisubiri sana, maana aliishi miaka 30 na pafu moja. Graham, aliyekuwa mvutaji sigara, alifariki 1957 kwa saratani ya mapafu. Mgonjwa akamzika mganga!

Na Mfalme George VI wa Uingereza je? Septemba 1951 alitolewa pafu nyumbani kwake, chumba cha kasri la Buckingham kikigeuzwa cha upasuaji. Februari 1952 alifariki usingizini, na binti yake Elizabeth alipata habari akiwa Nyeri, Kenya, tayari ni malkia! Daktari aliyempasua, Clement Price Thomas, naye baadaye akapata saratani ya pafu, akapasuliwa kama wagonjwa wake.

Wajua kipande kizima cha pafu hupita kwenye tundu moja la sentimita chache? Dkt. Diego González Rivas alifanya hivyo La Coruña, Hispania, mwaka 2010. Kipande hutiwa ndani ya mfuko kwanza, ndipo kivutwe nje, ili seli za saratani zisidondoke njiani.

Ukiamka baada ya operesheni utaona mrija unatoka kifuani hadi kwenye chupa yenye maji. Usishtuke ukiona mapovu, ni hewa inatoka! Wajua chupa hiyo ni wazo la Mjerumani Gotthard Bülau, la karne ya 19? Ila isipande juu ya kifua chako, maji yasije yakarudi ndani.

Umepasuliwa kifua, bega ndilo linauma! Neva inayohudumia kiwambo cha kupumulia hutokea shingoni, na ubongo hukosea mahali. Na sauti inaweza kukwaruza baada ya operesheni ya kushoto, kwa sababu neva ya sauti hushuka kifuani, ikazunguka mshipa mkuu wa damu, kisha ikarudi kooni. Safari ndefu kweli!

Wajua kesho yake tu manesi watakutaka utembee? Na ukitaka kukohoa, kumbatia mto kifuani. Kohoa, usione haya, makohozi yakibaki ndani huleta nimonia.

Pafu zima likitolewa, pengo hujaa majimaji taratibu, na pafu lililobaki hutanuka likasogea upande ule. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamke aliyetolewa pafu la kulia akiwa na miaka 33. Zaidi ya miaka 15 baadaye walikuta dalili kwamba pafu lake la kushoto lilikuwa limeota vifuko vipya vya hewa, ongezeko la asilimia 64! Mtu mzima huyo, ndugu yangu!