Usiuze shamba kabla ya kupiga hesabu ya digrii

Kijana amerudi nyumbani Kiwangwa na matokeo mazuri. Anataka kusoma ustawi wa jamii. Mama anauliza, "Ada ni shilingi ngapi?" Baba kanyamaza, anatazama shamba la mananasi. Mnunuzi ameshapita mara mbili.

Mzazi mwenzangu, ukisikia chuo fulani kina ada nafuu, usikimbilie. Ada ni sehemu tu ya gharama. Ongeza chumba, chakula, nauli, vitabu na mafunzo kwa vitendo, kisha zidisha kwa miaka 3.

Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ipo Kijitonyama, Dar es Salaam. Kutoka Kiwangwa mtoto hawezi kwenda na kurudi kila siku, hivyo lazima apange. Huenda kodi na chakula vikaipita ada yenyewe.

Chuo Kikuu Huria kinafundisha fani hiyo kwa masafa. Mtoto anaweza kubaki nyumbani, akashika jembe na kitabu. Lakini njia hii inataka kijana anayejisimamia na bando la uhakika. Asiyejituma atachukua miaka mingi, na nafuu yote itapotea.

Kwa aliyemaliza kidato cha nne kuna ngazi: cheti mwaka 1, diploma miaka 2, digrii miaka 3. Jumla ni miaka 6. Akipitia kidato cha tano na sita ni miaka 5. Tofauti ni kwamba mwenye diploma, pesa ikikata katikati, tayari ana taaluma ya kuombea kazi. Aliyekwama mwaka wa pili wa digrii hana cha kuonyesha.

Bodi ya Mikopo husaidia wanaokidhi vigezo, lakini mkopo ni deni. Akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa mshahara wa 700,000, hiyo ni 105,000 kila mwezi.

Je, thamani ipo? Kazi ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa afisa ustawi wa jamii majukumu mazito ya ulinzi wa watoto. Anahitajika kwenye halmashauri, hospitali, mahakama na makao ya watoto. Ila kuhitajika si kuajiriwa. Ajira za serikali hutegemea kibali na usaili, na wengi husubiri.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. Je, kozi inatambuliwa na TCU, au NACTVET kwa cheti na diploma? Wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo, na nani analipia? Ada inalipwa kwa awamu ngapi?

Swali la mwisho ni kubwa kwa mkulima. Nanasi huchukua takribani mwaka mmoja na nusu tangu kupandwa hadi kuvunwa, ada haisubiri. Panda kwa zamu, ili kila mwaka wa masomo uwe na mavuno yake.

Mnunuzi akirudi mara ya tatu, mwambie asubiri. Kaeni kwanza, baba, mama na kijana, na daftari moja. Mavuno hurudi kila msimu. Shamba likishauzwa halirudi, na huyo kijana ana wadogo zake.