Baba anapogeuka dada: ubongo wa mtoto anayejifunza kusoma

Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza amekutana na mtoto anayeonyeshwa neno “baba” akasoma “dada”. Mzazi akiliona hilo nyumbani huingiwa na hofu, akadhani macho ya mtoto yana kasoro au akili yake ni nzito. Macho ni mazima, na akili inafanya kazi iliyoizoea. Kikombe ukikigeuza, mkono wake ukatazama kushoto badala ya kulia, kinabaki kikombe kile kile. Mbuzi aliyekwenda malishoni asubuhi ni yule yule anayerudi jioni akiwa ameelekea upande wa pili. Ubongo wa binadamu hupuuza tofauti ya kushoto na kulia ili uvitambue vitu upesi, na kwa maisha yote ya mtoto kabla ya shule ujuzi huo umemfaa. Halafu tunamwekea b na d mbele yake na kumwambia kwamba hapa upande ndio kila kitu. Inambidi aache, kwa herufi tu, jambo ambalo ubongo wake unalifanya vizuri sana. Wengi kosa hilo huwatoka baada ya mwaka mmoja au miwili ya kusoma mara kwa mara. Peke yake si dalili ya disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma, na mtoto asichapwe wala kuchekwa kwa ajili yake.

Kuzungumza mtoto hujifunza bila darasa. Kusoma ni tofauti kabisa, kwa sababu hakuna aliyezaliwa na sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa maandishi. Uandishi wa kwanza tunaoufahamu, wa Mesopotamia, una umri wa miaka elfu tano na ushei tu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo waliosoma walikuwa wachache mno. Maumbile hayabadiliki kwa muda mfupi hivyo. Ubongo wa msomaji hulazimika kuchukua eneo lililokuwa likitambua nyuso na vitu, ukalipangia kazi mpya, kama mtu anavyogeuza chumba cha kulala kuwa duka bila kujenga nyumba nyingine.

Ushahidi wa mapema kuhusu eneo hilo ulitoka Paris. Mwaka 1887 mfanyabiashara mstaafu wa vitambaa, anayetajwa katika maandiko ya tiba kama Bwana C., aligundua ghafla kwamba hawezi kusoma hata neno moja. Alikuwa anaona. Aliwatambua watu na vitu, aliongea vizuri, na kuandika aliandika. Lakini alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe, baadaye hakuweza kukisoma. Akiifuatisha herufi kwa kidole aliijua. Akiitazama tu, ilikuwa mchoro usio na maana. Daktari Joseph Jules Dejerine alimfuatilia, na Bwana C. alipofariki mwaka 1892 ubongo wake ulipasuliwa na kuchunguzwa. Dejerine alikuta jeraha la kiharusi upande wa kushoto, nyuma, kwenye sehemu zinazoshughulika na kuona.

Siku hizi mashine za MRI zinatuonyesha eneo hilo likifanya kazi kwa mtu mzima wa afya. Lipo upande wa chini wa ubongo, kushoto, kuelekea kisogoni. Wanasayansi wa Ufaransa Stanislas Dehaene na Laurent Cohen wamelichunguza kwa miaka mingi, na limeonekana karibu mahali pale pale kwa wanaosoma Kifaransa, Kiebrania na Kichina. Kwa hiyo washairi wa Lamu na Mombasa waliotunga na kusoma kwa hati ya Kiarabu, na msomaji wa gazeti la leo kwa hati ya Kirumi, wameegemea kipande kile kile cha ubongo.

Na mlango haufungwi utotoni. Mwaka 2010 Dehaene na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno: wasiojua kusoma, waliojifunza ukubwani, na waliosoma tangu wadogo. Hata kwa waliojifunza ukubwani, eneo hilo liliitikia maandishi. Nikiusoma utafiti huo huwakumbuka wazee wa Tanzania walioingia madarasani baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Walioanza na herufi wakiwa na wajukuu walikuwa wanaubadilisha ubongo wao, na sayansi imekuja kulionyesha hilo miaka 40 baadaye.

Kiswahili kinampa anayeanza nafuu kubwa. Herufi ina sauti yake na haiibadilishi ovyo. Philip Seymour na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, walilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya kuelekea mwisho wa mwaka wao wa kwanza shuleni. Watoto wa Finland, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma sawasawa karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, walipata kiasi cha theluthi moja. Sisi tuko upande wa Finland.

Mbinu yetu ya silabi nayo ina msingi. José Morais na wenzake walionyesha mwaka 1979 kwamba watu wazima wa Ureno wasiojua kusoma walishindwa kuondoa sauti ya kwanza ya neno, jambo ambalo wenzao waliojifunza kusoma waliliweza. Sauti moja moja, kama b iliyotengwa na a, sikio haliitambui mpaka lifundishwe herufi. Silabi husikika kwa urahisi zaidi, hivyo kuanzia na ba, be, bi, bo, bu ni kuanzia mahali ambapo mtoto tayari anasikia.

Tatizo ni wimbo wake. Mwonyeshe mtoto “bo” peke yake ubaoni, utamsikia akianzia mbali: ba, be, bi, bo! Huyo hajaisoma bo; ameuimba mstari mpaka akaifikia. Changanya silabi, ziandike pembe tofauti za ubao, ndipo utajua nani anasoma. Hata herufi zetu hazikosi mitego. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza tahajia ya watoto wa Tanzania mwaka 2003, walionya kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya utaratibu si jambo jepesi hivyo. Kila mwalimu anazijua mb, nd na nyw zinavyosumbua, ng na ng’ zinavyochanganywa, na l na r zinavyobadilishana kwa mtoto ambaye lugha ya nyumbani haizitenganishi.

Hapa nafika kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Nafuu hiyo ya mwanzo hutufanya tuamini kazi imekwisha. Mtoto anaunganisha silabi, tunampigia makofi, vitabu vinafungwa. Kumbe amebakiza nusu ya safari iliyo ngumu.

Chukua neno “hawakutuambia”. Herufi 13, silabi saba. Jicho la msomaji halitelezi kwenye mstari. Huruka na kutua, kama wachunguzi walivyokwisha kuona Ufaransa katika karne ya 19. Kila kituo huchukua takriban robo ya sekunde, na ni herufi chache tu za katikati zinazoonekana kwa ukali. Msomaji mzoefu hutua mara moja au mbili juu ya neno hilo, kwa sababu ha-, -wa-, -ku- na -tu- amekutana nazo mara elfu nyingi. Anayeanza hulipanda kwa kidole: ha… wa… ku… tu… a… mbi… a. Kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vichache kwa sekunde chache. Akifika kwenye “ambia”, ile “ha” ya mwanzo imekwisha kudondoka. Anainua uso na kusema, “Walituambia.” Kila silabi aliitamka sawa, na maana imepinduka.

Kiswahili huweka mzigo mkubwa mwanzoni mwa neno: ukanushi, nafsi, njeo. Ndiyo maana kasi ina uzito kwetu, lakini isipimwe kwa rula ya Kiingereza. Neno letu moja hilo ni maneno manne au matano ya wenzetu, na kiwango cha maneno kwa dakika kilichotungwa kwa watoto wao humwonea mtoto wetu.

Wepesi huo hauletwi na mazoezi ya ubaoni peke yake. David Share alieleza mwaka 1995 kwamba mtoto hujifundisha mwenyewe: kila anapofaulu kulisoma neno geni, umbo lake hubaki kichwani, na baada ya kukutana nalo mara chache halimhangaishi tena. Ila lazima akutane nalo. Darasa lenye kitabu kimoja kwa watoto wengi haliwezi kumpa kurasa hizo, hata mwalimu awe hodari namna gani.

Na wepesi bila lugha nao hautoshi. Philip Gough na William Tunmer waliandika mwaka 1986 kwamba kusoma kwa ufahamu ni kuzidisha: uwezo wa kutambua maneno mara uwezo wa kuielewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Watoto wa madrasa za pwani husoma Qurani kwa matamshi safi kabla ya kujua Kiarabu. Kisomo hicho kina lengo lake na heshima yake, na kinatuonyesha wazi kuwa hapa kuna ujuzi wa aina mbili. Mtoto wa Shinyanga aliyelelewa kwa Kisukuma anaweza kulisoma shairi la Kiswahili hivyo hivyo, sauti zote zikiwa mahali pake.

Mzazi anaweza kupima nyumbani kwa dakika tano. Andika sentensi mbili: Asha alitoka bila mwavuli. Alirudi nguo zimelowa. Mtoto asome kwa sauti, kisha ficha karatasi umuulize: kwa nini nguo zililowa? Mvua haikutajwa, lazima aitoe kichwani mwake. Akijibu, sawa. Asipojibu, siku nyingine msimulie wewe sentensi za namna hiyo bila karatasi, halafu muulize. Akielewa kwa kusikia na kushindwa kwa kusoma, nguvu zake zinaishia kwenye herufi, na dawa ni kurasa nyingi rahisi, pamoja na kuirudia hadithi ile ile mpaka isomeke bila kukwama. Asipoelewa hata kwa kusikia, acha kumbana na silabi. Anahitaji kuzungumziwa, kusimuliwa na kuulizwa maswali, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, kila jioni.