Nia, Njia na Hali ya Shule

Wahenga walisema penye nia pana njia. Charles Snyder, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, asingeukubali usemi huo bila kuuhoji. Katika nadharia aliyoieleza pamoja na wenzake mwaka 1991, matumaini yana sehemu mbili. Ya kwanza ni nia, yaani imani ya mtu kwamba anao uwezo wa kuianza safari na kuendelea nayo. Ya pili ni njia, yaani uwezo wa kubuni namna ya kufika, na kubuni nyingine iwapo ya kwanza imezibwa. Moja yaweza kuwapo bila ya nyingine. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili asemaye kwa dhati kuwa atakuwa daktari, naye hajui kwamba atahitaji Kemia na Biolojia, ana nia tu. Mwenzake ajuaye masharti yote ya chuo, lakini amekwisha kujiona kuwa si mtu wa kusoma, ana njia asiyoipita. Kipimo cha matumaini ya watoto ambacho Snyder na wenzake walikitoa mwaka 1997 kina maswali 6 tu: 3 ya nia na 3 ya njia.

Sasa, je, shule ina sehemu gani katika jambo hili? Wako wasemao kwamba kila kitu huamuliwa nyumbani, na kwamba mtoto wa maskini huja shuleni akiwa amekwisha kukata tamaa.

Michael Rutter, daktari wa maradhi ya akili ya watoto, alilichunguza dai la namna hiyo jijini London. Watoto waliopimwa mwaka 1970 wakiwa na umri wa miaka 10 walifuatiliwa katika shule 12 za sekondari, na matokeo yakachapishwa mwaka 1979 katika kitabu ambacho jina lake linataja saa 15,000, muda ambao mtoto wa Uingereza hukaa shuleni tangu miaka 5 hadi amalizapo. Hata baada ya kuzingatia tofauti za watoto walivyokuwa walipoingia, shule zilitofautiana sana katika mahudhurio, nidhamu na mitihani. Ukubwa wa shule na umri wa majengo havikuieleza tofauti hiyo. (Shule hizo hazikuwa na upungufu wa maabara na madawati kama tuujuao sisi, kwa hiyo tokeo hili lisigeuzwe udhuru.) Kilichoonekana kuwa na uzito ni mwenendo wa kila siku: vipindi kuanza kwa wakati, kazi za nyumbani kutolewa na kusahihishwa, sifa kutolewa waziwazi, kazi za wanafunzi kubandikwa ukutani, na wanafunzi wengi, si wachache tu, kukabidhiwa madaraka.

Rutter hakupima matumaini. Hata hivyo, kwa maoni yangu, orodha yake ni orodha ya vitu vinavyolisha nia na njia. Chukueni daftari lililosahihishwa. Alama ya kosa pekee humwambia mwanafunzi kwamba ameanguka. Maneno mawili pembeni, yakionyesha hatua ya tatu ya hesabu ilipopotoka, humwonyesha pa kupitia. Daftari lisilosomwa kabisa humwambia kwamba juhudi yake haimhusu mtu yeyote, na akiambiwa hivyo kwa miaka minne ataamini. Mwalimu anayeingia darasani na kutangaza kwamba darasa zima litafeli huenda anadhani anawaamsha. Kwa mujibu wa nadharia hii anaipunguza nia pasipo kuongeza njia hata moja.

Kwa shule zetu nadhani upungufu mkubwa uko upande wa njia. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne mara nyingi huijua njia moja tu, ya kuchaguliwa kuingia Kidato cha Tano. Vyuo vya VETA, vyuo vya kati, na kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea huvisikia baada ya matokeo kutoka, tena vikitajwa kama adhabu. Mambo hayo yangeweza kuelezwa katika Kidato cha Pili, kabla ya michepuo kuchaguliwa, kwa kipindi kimoja na ubao.