Shamba la kukodisha Masukulu: dalali anatangulia Google, wewe uko wapi?

Leo mbolea na dawa tuziweke pembeni kidogo, tuongee kuhusu ardhi na simu.

Baadhi yenu mmeanza kujiunga, watano au sita, mkakusanya mashamba ya familia ambayo hayalimwi na kuyaweka kwenye tovuti ili mtu wa Mbeya mjini au Dar es Salaam ayaone, ayakodi. Wazo ni zuri sana. Ila tovuti ipo, fundi ameshalipwa hela yake, na simu haiiti.

Fanya jaribio dogo. Azima simu ya mtu ambaye hajawahi kufungua tovuti yenu (simu yako imeshakuzoea, inaweza kukupendelea). Andika Google: "shamba la kukodi Tukuyu". Angalia nani anatangulia. Ni ninyi? Au ni tangazo la dalali kwenye mtandao wa matangazo kama Jiji, au kwenye kundi la Facebook?

Dalali akitangulia, hasara yenu ni zaidi ya kamisheni yake. Yeye ndiye anayemtajia mteja bei kwa mara ya kwanza, na yeye ndiye anayeamua kama shamba "linakodishwa" au "linauzwa". Kuuza kuna kamisheni nono kuliko kukodisha, kwa hiyo mnajua ataegemea wapi. Shamba la babu ambalo familia ilikubaliana likodishwe misimu miwili linaweza kujikuta mtandaoni linauzwa, na mzee wa ukoo anapigiwa simu na mtu wa mbali anayeuliza hati. Ugomvi unaanzia hapo. Ndiyo maana nasema suala la kuonekana Google tusiliachie mafundi wa kompyuta peke yao, ni suala la nani anasimulia habari za ardhi yenu.

Google inafanyaje kazi

Kwa kifupi tu. Google ina programu zinazopita kwenye tovuti mbalimbali, zinasoma kurasa na kuziingiza kwenye orodha yake kubwa. Mtu akiuliza swali, Google inaangalia kwenye orodha hiyo na kupanga majibu kwa jinsi inavyoona yanamfaa. Ukurasa ambao haumo kwenye orodha hauwezi kutokea, hata uwe mzuri vipi. Na nafasi kwenye majibu ya kawaida hainunuliwi. Anayelipa anawekwa kwenye sehemu ya matangazo, na inaandikwa wazi kwamba amelipia. Akija mtu kuwaambia "nipeni laki tatu niwaweke namba moja Google milele", mwagieni chai arudi alikotoka.

Kazi ya kuisaidia Google ielewe ukurasa wako na iuone unafaa ndiyo wataalamu wanaiita SEO. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandika vizuri, na hilo hamhitaji fundi.

Mteja hajui Masukulu

Hapa ndipo wengi mnapotea. Sisi tukisema Masukulu tunaona kila kitongoji. Mtu wa Dar hajui Masukulu ni wapi. Anajua Mbeya, anajua Tukuyu kwa ndizi na mvua, na pengine amesikia Rungwe kwa parachichi. Kwa hiyo anaandika Tukuyu au Mbeya. Ukurasa wenye kichwa "Karibu kwenye tovuti yetu" au "Shamba zuri sana linapatikana" haumwambii Google chochote. Kichwa kiwe hivi: "Shamba la kukodi heka 3, Masukulu, Tukuyu, Rungwe, Mbeya". Kirefu kidogo, sawa, lakini kina kitu, ukubwa na mahali. Maneno ya muhimu yaanze mbele, maana kwenye skrini ya simu mkia wa kichwa kirefu unakatwa.

Halafu neno heka. Huku kwetu ukisema heka unamaanisha ekari. Mtu wa ofisini akisoma heka anaweza kudhani ni hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Andikeni yote mawili: "heka 3, yaani ekari 3". Mnapata faida mara mbili, mnaondoa utata na mnampata anayetafuta kwa neno lolote kati ya hayo. Vivyo hivyo "kukodi" na "kukodisha": anayetafuta huandika kukodi, mwenye shamba huandika kukodisha. Tumieni la mteja kwenye kichwa, lingine liingie lenyewe ndani ya maelezo. Mkitaka kujua watu wanaandika nini, anza kuandika "shamba" kwenye Google halafu usimalizie, tazama inavyokupendekezea. Bure kabisa.

Ila msirundike. Kuandika Tukuyu mara thelathini kwenye ukurasa mmoja hakusaidii, na Google inahesabu hiyo kama ujanja.

Kila shamba na ukurasa wake

Mashamba kumi kwenye ukurasa mmoja ni kama kupanda mahindi, maharage na migomba kwenye shimo moja. Kila shamba lipate ukurasa wake, na ukurasa huo uwe na maandishi. Nasisitiza maandishi, kwa sababu naona wengi mnatengeneza posta ya rangi, bei na namba ya simu zote zimo ndani ya picha, mnapakia mnamaliza. Msitegemee Google isome yaliyomo ndani ya picha kama inavyosoma maandishi ya kawaida. Hata jina la faili la picha liwe na maana: "shamba-masukulu-tukuyu-heka-3" badala ya IMG_0047. Na picha zipunguzwe uzito kabla ya kupakiwa. Mteja yuko kwenye bando, ukurasa ukichelewa kufunguka anaondoka. Google yenyewe inaipima tovuti kwa sura yake ya kwenye simu, kwa hiyo msiridhike kwa sababu tu inapendeza kwenye kompyuta ya fundi.

Sasa uandike nini? Andika yale ambayo mtu makini angekuuliza akiwa amesimama shambani. Kutoka lami ni umbali gani, na masika Fuso inafika au inaishia njiani? Maji yapo kiangazi? Mteremko ukoje? Msimu uliopita palilimwa nini? Kuna migomba au miti ndani yake, na ni ya nani? Bei kwa ekari kwa mwaka ni ngapi? "Bei maelewano" mimi siipendi. Inawaletea wapiga soga na kuwafukuza wenye hela wasio na muda.

Muda wa kukodi muuandike kwa namba. Parachichi ya Hass ya kubebesha inaanza kuzaa kama mwaka wa tatu, na mavuno ya kueleweka ni baada ya hapo. Mkitangaza shamba la miaka miwili na maneno "linafaa parachichi", mtu atapanda, muda utakwisha miti ikianza kuzaa, na mtagombana miti ni ya nani. Aidha muda uwe mrefu na makubaliano ya miti yaandikwe, au mseme wazi: shamba hili ni la mahindi, maharage au viazi tu.

Ukurasa wenye majibu haya dalali hawezi kuunakili kirahisi, kwa sababu hajakanyaga shamba. Hapo ndipo mnampita.

Haki ya ardhi iwe kwenye ukurasa

Mashamba mengi ya huku ni ardhi ya kijiji, yanaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Semeni ukweli: lina hati ya hakimiliki ya kimila, au halina hati lakini mipaka inajulikana na majirani. Semeni nani kwenye familia amekubali, na kwamba mkataba utapitia serikali ya kijiji. Msisubiri mteja aulize. Watu wamelizwa sana kwenye ardhi, kwa hiyo mtu anayetafuta shamba mtandaoni anatafuta pia sababu ya kukuamini.

Lakini picha ya hati yenyewe msiiweke mtandaoni. Mmewarahisishia wanaoghushi.

Tupo pia karibu na mpaka wa Kasumulu, na intaneti haina mpaka. Akiwapigia mtu asiye raia, mjue kwamba sheria ya Tanzania haimpi mgeni umiliki wa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kwa utaratibu maalumu. Mpelekeni halmashauri kabla hamjapokea hata shilingi.

Ramani, na mambo ya kuepuka

Google ina huduma ya bure ya kuweka biashara kwenye ramani. Itumieni, lakini kwa usahihi. Kanuni zao haziruhusu kuweka alama ya biashara kwa kila mali inayouzwa au kukodishwa. Ofisi inayokodisha inaruhusiwa. Kwa hiyo wekeni alama moja, pale mnapokutana na wateja, na si alama kumi na mbili mashambani, kwa maana mtafutiwa zote. Mteja aliyeridhika muombeni aandike maoni. Maoni ya kununua au ya kujiandikia wenyewe msiyaguse.

Vilevile msitengeneze kurasa ishirini zinazofanana, mmebadilisha jina la kijiji tu. Google inalitambua hilo na inalikataa. Viungo kutoka tovuti nyingine vinasaidia pale vinapotoka kwa watu wenye sababu ya kuwataja, kwa mfano chama chenu cha ushirika au mnunuzi wa parachichi mnayefanya naye kazi. Vya kununua ni hatari.

Lini mpandishe kurasa? Wateja wa msimu wanatafuta shamba kabla ya mvua za Novemba, hasa Agosti hadi Oktoba. Google inaweza kuchukua siku au wiki kuingiza ukurasa mpya kwenye orodha, na miezi kuuamini. Mkipakia Oktoba mmechelewa. Juni ni wakati mzuri.

Mwambieni fundi aunganishe tovuti na Google Search Console. Ni bure, na akaunti iwe kwa jina la kikundi, isiwe ya fundi. Mle mtaona maneno ambayo watu waliandika mpaka wakawaona, na kurasa ambazo hazijaingia kwenye orodha. Kaeni nayo mara moja kwa mwezi. Mkikuta watu wanakuja kwa "shamba lenye maji Tukuyu" na ukurasa wenu hautaji maji, mnajua cha kuongeza. Na shamba likishakodiwa msifute ukurasa wake. Andikeni juu kabisa "limekodiwa hadi" na mwaka, kisha wekeni kiungo cha mashamba ambayo bado yapo wazi.