Inveta ya Matatu Hunywa Dizeli

Matatu nyingi zinazotoka Jericho na mitaa jirani kwenda mjini Nairobi kupitia Jogoo Road hubeba mengi zaidi ya abiria: skrini, taa za rangi, spika nzito, Wi-Fi, soketi za kuchajia simu. Matatu isiyo na mbwembwe hizo hupata taabu kujaza viti. Baadhi ya vifaa hivyo vimeundwa kwa umeme wa nyumbani wa volti 240, na hapo ndipo inveta inapoingia. Ni kisanduku chenye feni, mara nyingi kimefichwa chini ya kiti, kinachogeuza umeme mnyoofu wa betri kuwa umeme geu kama ule wa ukutani.

Imani ya kwamba gari likishatembea umeme ni wa bure imeenea sana, nayo si kweli. Inveta haizalishi hata wati moja. Mzalishaji ni alternata, inayozungushwa na injini kwa mkanda. Kadiri umeme unavyovutwa kwa wingi, ndivyo sumaku iliyo ndani yake inavyokuwa ngumu kuzungushwa, na injini hulipia ugumu huo kwa dizeli. Lita moja ya dizeli ina nishati ya uniti (kilowati-saa) 10 hivi. Injini hupoteza zaidi ya nusu kama joto, alternata hupunguza tena, inveta nayo huchukua fungu lake. Kinachofika kwenye soketi ni uniti moja na nusu hivi.

Safari yenyewe ya umeme huo ina mzunguko wa kushangaza. Alternata huzalisha umeme geu, kisha diodi zilizo ndani yake huunyoosha ili betri iweze kuupokea. Inveta huugeuza tena. Halafu skrini, ambayo saketi zake hutumia umeme mnyoofu, huunyoosha mara ya pili. Kila hatua huacha joto nyuma yake. Kwa hiyo naona ni hasara tupu kuchomeka chaja ya simu kwenye inveta wakati soketi ya USB inaweza kuchukua umeme karibu moja kwa moja kutoka kwa betri. Skrini na taa za volti 12 au 24 zinapatikana pia. Inveta iachiwe kile ambacho hakina njia nyingine.

Shida kubwa haiko barabarani gari linapokimbia. Iko kwenye foleni. Alternata hutoa uwezo wake kamili injini inapozunguka kwa kasi. Injini ikinguruma tu mahali pamoja, hutoa nusu au pungufu. Chukua mfano wa basi dogo la volti 24 lenye alternata ya ampea 60. Vifaa vya wati 800 vinavyopitia inveta huvuta karibu ampea 38, na taa na mahitaji mengine ya gari yaongeze 10. Jumla ni 48. Likitembea vizuri, linamudu. Likikwama kabla ya mzunguko wa City Stadium, alternata ikitoa ampea 28, pengo la ampea 20 hujazwa na betri. Saa moja ya foleni hula moja ya tano ya betri za ampea-saa 100, na jioni foleni haziishi. Kisha gari linazimwa stejini, muziki unaendelea, na baada ya hapo makanga na wenzake wanasukuma.

Betri ya kuwashia gari iliundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe upesi. Kuimaliza mara kwa mara hufanya salfeti igande kwenye bamba zake za risasi, na betri hufa mapema. Inveta nyingi za volti 12 hujizima volti zikishuka hadi 10.5, kiwango kinachoweza kuikuta betri ya stata tayari imechoka. Dawa ni betri ya pili ya vifaa peke yake, iliyotenganishwa na ile ya stata kwa kifaa kinachoruhusu kuchaji injini inapozunguka tu.

Waya nao usipuuzwe, maana hapa ni maisha ya watu. Mzigo uleule wa wati 800 ukihamishiwa kwenye matatu ya viti 14 yenye volti 12, ampea huongezeka maradufu, zikawa zaidi ya 75. Joto ndani ya waya hufuata mraba wa mkondo, hivyo waya uleule utapata joto mara nne. Fundi anayeunganisha inveta kwa waya mwembamba wa spika anaweka moto chini ya viti. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Ikiwekwa upande wa inveta, waya ukichunika na kugusa bodi njiani hakuna kitakachoukata mkondo.

Kwenye mabasi ya umeme kama ya BasiGo, yaliyoanza majaribio Nairobi mwaka 2022, inveta ina kazi kubwa zaidi: ndiyo inayolisha mota inayosukuma magurudumu. Dereva akipunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta, na inveta ileile hurudisha umeme kwenye betri. Basi likisimama kwenye foleni, mota haili chochote, na skrini huendelea kulishwa na betri kubwa isiyotegemea mngurumo wa injini yoyote.