Ukuta Uliolowa Hauponi kwa Rangi

Ndugu wafanyakazi, mtu akitoka zamu amechoka, nyumba ndiyo mahali pake pa kurudisha nguvu. Lakini wengi wetu twarudi katika vyumba vyenye ukuta unaonuka uvundo, na watoto wanakohoa usiku kucha. Safari hii twataka kusema juu ya jambo hilo, maana tumeliona kwa macho na kulishika kwa mikono.

Mwenzetu mmoja alipanga chumba cha uani huko Kigobe, kaskazini ya mji wa Bujumbura, mtaa unaojulikana kwa jumba ambamo Bunge limekuwa likikutana. Chumba kile kiligawanywa kwa mbao za jasi, yaani jasi iliyogandishwa katikati ya karatasi mbili nene. Mbao hizo ni nyepesi na kazi yake ni ya haraka, lakini adui yake ni maji.

Ukutani likatokea doa la manjano, kisha likawa jeusi. Mwenye nyumba akaleta rangi. Baada ya miezi miwili doa likarudi, akapaka tena. Mara ya tatu ubao ukafura, ukiubonyeza kidole kinazama. Jumapili moja tulikwenda kumsaidia. Tulipofungua ubao tukakuta nyuma yake bomba linavuja tone kwa tone. Fedha ya rangi ilikwisha tolewa mara tatu, na bomba halijaguswa hata mara moja.

Basi somo la kwanza ni hili: tafuta maji yanatoka wapi kabla hujanunua kitu. Tazama bati, mfereji wa paa, bomba, na udongo uliorundikana nje ya ukuta. Kama hujui, bandika kipande cha plastiki ukutani, uzibe kingo zote, ukiache siku mbili. Unyevu ukiwa nyuma ya plastiki, maji yamo ndani ya ukuta. Ukiwa mbele, ni mvuke wa chumbani, wa kupika na kuanika nguo ndani. Hapo fungua madirisha.

Kwa mbao za jasi tulifanya hivi. Tulizima umeme kwenye swichi kuu, kwa sababu maji na waya ni kifo. Tulifunga bomba na kulitengeneza. Tulijifunga kitambaa puani, tukakata ubao wote uliolegea mpaka tukafika sehemu ngumu na kavu, kisha tukakata kidogo zaidi. Ubao ulioota ukungu haufai kurudishwa. Tuliutia guniani ukatoka nje. Hatukufagia vumbi likiwa kavu, tulipangusa kwa kitambaa chenye maji. Miti ya ndani tuliisugua kwa sabuni, tukaiacha ikauke kabisa huku dirisha li wazi. Ndipo tulipopigilia kipande kipya, tukaziba viungo kwa utepe na jasi laini, tukapiga msasa, na mwisho kabisa tukapaka rangi. Anayetumia maji ya Javel asiyachanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, kwani mvuke wake waweza kuua.

Wenye kuta za matofali nao wana taabu yao. Maji hupanda kutoka ardhini, lipu inabanduka, na chumvi nyeupe inatokea. Kupiga saruji tupu juu yake ni kuyafungia maji ndani. Yatapanda juu zaidi. Yafaa kwanza kuchimba mfereji na kuondoa udongo ulioegemea ukuta. Kisha bandua lipu mbovu, pitisha sentimita 30 juu ya alama ya maji, uache ukuta upumue. Lipu mpya iwe ya kipimo cha saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6. Kazi hii ianzwe kiangazi, Juni hadi Agosti, siyo katikati ya masika.

Tusidhani ni mambo ya urembo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba unyevu na ukungu wa nyumbani huongeza kikohozi na pumu. Na ukuta uliolowa huua kwa njia nyingine pia. Februari 2014 mvua ya usiku mmoja ilipiga mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, nyumba za matofali mabichi zikaanguka, watu zaidi ya 60 wakafa. Huko Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit el Ajaib iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo ukiona ukuta umepinda au ufa unapanuka, usiuguse peke yako. Toa watoto, ita mwashi, egemeza miti kwanza.

Limebaki swali la nani alipe. Mwenzetu wa Kigobe alitaka kunyamaza, akiogopa kufukuzwa. Tulikwenda naye watu watatu, kwa adabu, tukiwa na kile kipande cha ubao kilichooza mkononi. Hatukugombana. Tuliandika orodha ya vitu na bei zake, mwenye nyumba akakubali gharama ikatwe kwenye kodi ya miezi miwili. Makubaliano yakatiwa sahihi mbele ya mashahidi, kila upande ukachukua nakala yake, na stakabadhi zikahifadhiwa.

Ndugu, tufanye hivyo kila mahali. Mmoja ana msumeno, mwingine ana ngazi, wa tatu ajua kuandika barua. Mtu mmoja mbele ya ukuta unaooza atapaka rangi tu na kulalamika. Watu watano Jumapili moja huutengeneza, na Jumatatu mwenzao anakwenda kazini akiwa amelala usingizi.