Abiria wa kiti cha magurudumu: Mbebe bila kumuumiza

Ukisimama asubuhi karibu na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wazee hadi sasa huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Usovieti katika miaka ya 1960, utaona wagonjwa wasioweza kutembea wakiteremshwa kutoka kwa tuktuk, teksi na pikipiki. Mara nyingi mtu mmoja humshika mgonjwa makwapani, mwingine humshika miguu, na kiti chake cha magurudumu hufuata nyuma kikiburutwa. Wanaosaidia huwa na nia njema kabisa, lakini mgonjwa huweza kurudi nyumbani na jeraha ambalo hakuja nalo.

Huenda ukajiuliza, msomaji, jeraha gani hilo? Chukua mfano wa mtu aliyeumia uti wa mgongo. Miguu yake haina hisia, na mifupa ambayo haijabeba uzito kwa miaka mingi huwa dhaifu. Mguu ukinaswa mlangoni huweza kuvunjika na yeye asihisi uchungu wowote. Akipanda bodaboda, mguu wake ukiegemea bomba la moshi, ngozi huungua polepole huku wote wakiendelea kupiga gumzo. Jeraha kama hilo huchukua miezi kupona. Likiingiwa na viini vya maradhi na vikaenea katika damu, huweza kumuua. Kwa hivyo pikipiki si chombo cha mtu asiye na hisia miguuni, hata ikiwa ndiyo nauli nafuu. Ikiwa hapana budi, avae suruali nzito na viatu vilivyofunikwa, na miguu ikaguliwe mara tu afikapo.

Jua la Kisumu nalo ni adui asiyetajwa. Kiti cha chuma kilichoachwa nje mchana kutwa, au kiti cha plastiki cha gari lililoegeshwa juani, huchoma kama kikaango. Guza kwanza kwa mkono wako kabla ya kumkalisha mtu. Isitoshe, usiuache mto wake ndani ya kiti kilichokunjwa. Mto huo huwekwa ili kuzuia vidonda vya mgandamizo makalioni, na kazi yake haikomi eti kwa sababu ameingia kwenye gari. Aukalie humo humo, mradi usimfanye ateleze. Katika safari ndefu, mathalani ya Nairobi ambayo ni takriban kilomita 350, ainue makalio au aegemee upande mmoja kwa dakika moja au mbili kila baada ya nusu saa, kisha ageukie upande wa pili.

Tuje kwenye kuinua. Mtu aliyepatwa na kiharusi usimvute kwa mkono uliopooza, wala usimnyanyue kwa kwapa la upande huo, kwani bega lake hutoka mahali pake kwa urahisi. Kwanza muulize mwenyewe anavyobebwa. Anaujua mwili wake kuliko wewe na utingo. Kiti kisogezwe karibu na kiti cha gari, kikiwa kimeinamisha pembe kidogo, breki zote mbili zifungwe, vikanyagio viondolewe njiani. Anayeweza kujisukuma ajivushe mwenyewe. Asiyeweza abebwe na watu wawili, mmoja nyuma akiwa amemkumbatia kifuani na kushika mikono yake iliyokunjwa mbele, mwingine akishika mapaja chini ya magoti. Ukilazimika kuinua kiti pamoja na mtu, shika fremu. Vishikio vya mikono na vikanyagio vya viti vingi vimetengenezwa vichomoke, na huchomoka wakati usiofaa.

Akishaingia, makosa mengine huanza. Wapo wanaopakia mtu akiwa juu ya kiti chake nyuma ya pikapu, wakafunga breki za kiti na kuridhika. Breki hizo huzuia magurudumu yasizunguke tu. Hazikishikilii kiti kwenye gari. Gari linapogonga kitu likiwa na mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kiti cha kilo 15 huweza kurushwa mbele kwa nguvu ya mzigo wa kilo 300, zaidi ya magunia matatu ya mahindi. Ndiyo sababu wataalamu hupendelea abiria ahamie kiti cha gari na kufunga mshipi, nacho kiti chake kifungwe kwenye buti. Mshipi upite juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Mishipi hiyo ilirudi katika matatu kwa nguvu mwaka 2004, wakati wa kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, ingawa tunajua sote jinsi inavyokaliwa badala ya kuvaliwa.

Asiyeweza kuhama huhitaji gari lenye ubao wa kupandia na kamba maalumu zinazofunga kiti sakafuni kwa pembe nne, na mshipi wa mwili mbali na kamba hizo. Huko London kila teksi yenye leseni imetakiwa kubeba kiti cha magurudumu tangu mwaka 2000. Abiria hukaa akielekea nyuma, mgongo ukiegemea ukuta ulio nyuma ya dereva. Kuelekea mbele au nyuma, vyote hufaa gari likiwa limetengenezwa hivyo. Kuelekea ubavuni ni hatari. Kisumu gari la aina hiyo ni nadra, na tuktuk ndiyo mkombozi wa wengi. Mkalishe katikati ya wasindikizaji wawili, kiti kilichokunjwa ukifunge nyuma kwa mpira wa tyubu, na dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Magongo yalazwe sakafuni. Yakisimamishwa baina ya magoti, breki ya ghafla huyafanya mikuki.

Kuhusu mkojo, wengi huona haya kuuliza. Abiria mwenye mpira wa mkojo huacha kunywa maji ili asisumbue gari, jambo linaloleta maambukizi na mawe ya kibofu. Mfuko umwagwe kabla ya safari, ukae chini ya kiwango cha kibofu, na mshipi usibane mpira. Mtu aliyeumia uti wa mgongo juu ya usawa wa kifua akilalamikia kichwa kuuma ghafla, uso ukawa mwekundu au ukatoka jasho jingi, simamisha gari. Mketishe wima, legeza nguo, nyoosha mpira uliobanwa. Asipopata nafuu mara moja, mkimbize hospitalini, maana shinikizo la damu limepanda na huweza kupasua mishipa ya ubongo.

Utingo akidai nauli ya kiti kana kwamba ni gunia la omena, mwambie kuwa Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia uchukuzi wa umma. Sema kwa upole. Safari bado ni ndefu.

Kwa wanaovuka ziwa, kama vile kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita, kanuni ya nchi kavu hugeuka. Ndani ya feri funga breki, zuia magurudumu kwa vipande vya mbao, lakini mshipi wa kiti ufunguliwe na jaketi la kuokoa maisha livaliwe. Chombo kikipinduka, kiti kilichofungwa kwa mtu humvuta chini. Katika mashua ndogo, aketi chini sakafuni juu ya mto wake, mgongo ukiwa umeegemezwa, na kiti kifungwe kwenye mashua mbali naye. Mwambie nahodha kabla ya kung'oa nanga ni nani atakayemshika maji yakichafuka.